Wa Mwisho Achague Kwanza

Marekani, timu inayoburura mkia katika NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, hufarijiwa: huchagua kwanza vijana wa vyuoni. Kwetu Kenya, katika soka, hushushwa daraja. Waulizeni Thika United, walioaga Ligi Kuu mwaka 2018.

Haya, tuige. Kocha wa timu ya mwisho abishe hodi Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika, kisha Zetech, Ruiru, kandarasi mkononi. Kijana atauliza: “Kocha, mshahara huingia tarehe ngapi?” Kocha atasifu mguu wake wa kushoto. Kijana atakumbuka ghafla ana mtihani.

Msimwite msaliti. Eli Manning, kijana wa chuo, aliwakataa San Diego Chargers wa NFL mwaka 2004, na huko pesa zilikuwepo! Wakuu wa klabu, lipeni kwanza; mkopo wa simu wa Fuliza si mdhamini.