Sifa za Tronsoneze

Wanaoitukana tronsoneze, ule msumeno wa mnyororo, hapa Moba kando ya Ziwa Tanganyika, hawajaijua. Wanasema inapiga kelele, inakunywa esansi kama mlevi wa Jumamosi, inamaliza miti. Wivu tu. Mimi ninayekaa ukuta kwa ukuta na mtu anayechonga sanamu kwa tronsoneze kila Jumapili, kwa kujifurahisha, bila kuuza hata moja, naomba nafasi ya kuisifu.

Ukoo wake ni wa heshima. Mababu zake hawakukata kuni, walikuwa vyombo vya waganga: mwishoni mwa karne ya 18, huko Uskoti, John Aitken na James Jeffray walikata mifupa kwa mnyororo wenye meno, hata nyonga za wanawake walioshindwa kujifungua. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl akaupa mnyororo mota ya umeme. Mjukuu wa wakunga hao leo analia ubavuni mwa mwembe uliokufa, nyuma ya choo changu.

Tena haina unafiki. Fundi wa tezo anaunyemelea mti, tk, tk, mchana kutwa, hujui anawaza nini. Tronsoneze ikiwashwa huku ziwani, naapa wa Kirungu kule juu wanajua kwamba sanaa imeanza. Kuku wangu wanajua. Mimi na mke wangu hatugombani tena Jumapili, maana hakuna anayemsikia mwenzake.

Na upendo! Iguse gogo kwa ncha ya juu ya upanga wake uone: inaruka nyuma kumtafuta bwana wake usoni. Tezo gani iliwahi kumkumbuka fundi namna hiyo?

Pua na vidole haivijui, wala haijifanyi inavijua. Jirani yangu alianza kuchonga Bikira Maria. Saa sita alikuwa mvuvi. Jioni, mamba. Binti yangu akaniuliza, "Papa, ile njo nini?" Nikamtuma kwa mwenye sanamu. Akarudi na jibu: bado anafikiri.

Msicheke. Wazee wa Kitabwa walichonga mikisi, yaani sanamu za wahenga wao, kwa tezo na kisu, kwa subira, nywele zilizosukwa na chale za mwilini zikaonekana moja moja. Wakalipwa nini? Émile Storms, yule luteni Mbelgiji, alifika Mpala, kwenye ziwa letu hili, mwaka 1883 akajenga ngome. Desemba 1884 watu wake wakamuua Lusinga, mtemi wa Kitabwa, wakamkata kichwa. Fuvu likaenda Ubelgiji, na mkisi wake ukaenda pia. Mpaka leo uko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Urefu wake hauvuki mita moja, unabebeka kwapani. Ule ustadi wote, pua ile, nywele zile, vilikuwa kama kumwandalia mgeni mzigo.

Mamba wa jirani yangu anaingia mwaka wa tatu nje, hana kufuli wala mlinzi. Wanaume wanne walishindwa kumsogeza siku tuliyotaka kupitisha mkokoteni wa makaa. Juzi wazungu wawili walisimama mbele yake, wakamzunguka, mmoja akainama kutafuta kichwa kiko upande gani. Kisha wakatuuliza njia ya kwenda bandarini.