Namna ya Kuposa Chuo Kimoja Tu

Kwanza, penda. Usijisumbue kuuliza fani unayoitaka inafundishwaje huko. Tazama picha ya jengo la matofali lililotambaliwa na mimea, majani mekundu ya Oktoba, na wanafunzi watatu wanaochekelea kitabu kimoja (cha nini, hakuna ajuaye). Ukiona moyo unadunda, umeiva kwa uamuzi wa mapema.

Utaratibu ni mwepesi. Vyuo vingi vya Marekani vyenye mpango huu wa kuomba mapema hufunga maombi tarehe 1 Novemba, vingine tarehe 15, na majibu hutoka katikati ya Desemba. Ruhusa ni kuposa kimoja tu. Unatia sahihi wewe, anatia mzazi, anatia na mshauri wa shule: ukikubaliwa utakwenda, na maombi mengine yote utayafuta. Katika posa hii sahihi hutangulia, mahari hutajwa baadaye.

Hapo ndipo baba atakapoanza kukohoa. Mtulize kwa asilimia. Mwambie wanaoomba mapema hupokelewa kwa kiwango cha juu zaidi, jambo ambalo ni kweli katika vyuo vingi. Usimwambie kwamba ndani ya hesabu hiyo wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na watoto wa waliosoma hapohapo.

Mama ni mgumu zaidi. Atavaa miwani na kuuliza, "Mwanangu, ni bei gani?" Jibu lipo, ndilo balaa lenyewe. Tangu 2011 sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Omba Mungu mama asikigundue. Akikigundua, jitetee kwamba kikokotoo hubabaika familia ikiwa na duka au biashara yake, na kwamba mara nyingi kimetengenezwa kwa ajili ya raia na wakazi wa huko. Utetezi huo ni wa kweli, ila unamsaidia mama kuliko wewe. Na asijue kabisa kwamba msaada wa fedha usipotosha, unaweza kuomba kufunguliwa; atataka kujua kwa nini basi mlifungwa.

Kama ndoto yako ni Harvard au Princeton, mwongozo huu haukuhusu. Mwaka 2006 zilitangaza kufuta maombi ya mapema kwa kuwa yanawapendelea wenye uwezo. Mwaka 2011 zikatangaza kuyarudisha, bila kumfunga mwombaji. Wenye uwezo walikuwa wangali wamekaa palepale wakisubiri.

Kwa hiyo, ikiwa kwenu hakuna anayeuliza bei, tuma leo. Ikiwa yupo, kaeni na kikokotoo usiku mmoja, karatasi za mshahara zikiwa mezani. Tarakimu ikimfanya mama avue miwani, ombeni vyuo kadhaa kwa njia ya kawaida, ambayo kwa vingi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Majibu yakija, kwa kawaida mnakuwa na hadi tarehe 1 Mei kulinganisha bei.