Wawili Bagamoyo, Jumamosi Moja

Wapenzi wa Dar es Salaam wakishatoka kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi, hurudi kabla ya magharibi wakiwa mabingwa wa historia. Ushahidi umo kwenye simu: bibie ameegemea kaburi la mnara kwenye magofu ya Kaole, bwana kapanda ukuta wa msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 (viatu miguuni, bila shaka), halafu picha tisa za changu wa kukaanga. Kaburi ni la nani, hawakuuliza. Changu ni bei gani, wanajua hadi senti. Mtasema heri hao kuliko asiyekwenda kabisa, na kiingilio chao kinasaidia kutunza magofu. Kiingilio sawa, ila kupanda ukuta nako ni kutunza? Mtasema tena muda ni mfupi. Mbona samaki alisubiriwa saa nzima? Mnara wa kanisa ulipolazwa mwili wa mmisionari Livingstone mwaka 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, uko mji huohuo, wakaupita kwa gari vioo juu. Jamani, mkienda tena, mpeni mwongozaji nusu saa yenu. Changu atasubiri, keshakufa.