Mchumba wa Kame, Mume wa Tijax: Majibu kwa Waliokimbilia Kalenda ya Wamaya

Barua zilizojibiwa katika safu hii zinahusu jambo moja, nalo ni kalenda takatifu ya Wamaya wa Guatemala na Mexico, ambayo baadhi ya wasomaji wameanza kuitumia kupima wachumba, kupanga wafanyakazi na kukwepa madeni. Kalenda hiyo, ambayo wanazuoni huiita Tzolk'in na Wamaya wa kabila la K'iche' huiita Cholq'ij, ina siku 260 zinazopatikana kwa kuzungusha pamoja namba 1 hadi 13 na majina 20 ya siku, na kila jina lina nawal wake, yaani roho mlezi anayempa mtu aliyezaliwa siku hiyo vipawa pamoja na wajibu. Wasomaji wengi wamevishika vipawa kwa mikono miwili, wajibu wakauacha njiani.

Bibi mmoja wa Tanga anaeleza kwamba, mahari ikiwa imekwisha kupokewa, programu ya simu ilimwonyesha kuwa mchumba wake alizaliwa siku ya Kame, yaani siku ya mauti, lakini programu ya pili ikampa mchumba huyo huyo nyota nyingine yenye sifa za kupendeza zaidi; anauliza aolewe na yupi.

Jibu ni kwamba mchumba ni mmoja, ila hesabu ndizo mbili. Ya kwanza ni ile iliyotunzwa na wahesabu siku wa nyanda za juu za Guatemala hata baada ya ukoloni wa Kihispania, ambao mmisionari wake mmoja, Diego de Landa, alivichoma vitabu vya Wamaya huko Maní, Yucatán, mwaka 1562. Ya pili ilibuniwa na José Argüelles, mwandishi wa Marekani aliyetoa kitabu The Mayan Factor mwaka 1987, na mfumo wake uitwao Dreamspell hauitii tarehe 29 Februari katika hesabu, kwa hiyo kila mwaka mrefu unapopita mifumo hiyo miwili huachana kwa siku moja zaidi. Aliyezaliwa tarehe 29 Februari 1996 ana siku yake halali kwa Wamaya, lakini kwa Argüelles huangukia katika pengo. Isitoshe, Kame kwa Wak'iche' ni siku ya kuwakumbuka wahenga, wala si hukumu ya kumfisha mke. Iwapo Bibi huyo ana shaka na tabia za mchumba, shaka hiyo ipelekwe kwa mshenga, kwa majirani na kwa shangazi za kijana, ambao taarifa zao ni za kina kuliko za programu yoyote.

Meneja wa ofisi moja ya Nairobi anaarifu kwamba amewapanga wafanyakazi wake kwa nyota. Wenye Tz'i', yaani mbwa, siku ya sheria na uaminifu, amewakabidhi sanduku la fedha. Wenye B'atz', siku ya nyuzi na ufumaji, amewapa kazi ya kusuka mikakati. Na kijana mwenye Imox, siku inayohusishwa na ubunifu na pia wazimu, amemhamishia karibu na mlango. Fedha zimepungua, mikakati haijasukwa, na kijana wa mlangoni ndiye peke yake anayefika kazini kwa wakati. Meneja anauliza amekosea nyota ipi.

Kasoro ya mpango huo ni kwamba hakuna aliyeulizwa neno. Huko Momostenango, mji wa Wak'iche' ambako mwanaanthropolojia Barbara Tedlock na mumewe Dennis walifunzwa uhesabu wa siku kabla Barbara hajatoa kitabu Time and the Highland Maya mwaka 1982, mwenye shida huja na swali lake kwa ajq'ij, yaani mhesabu siku. Ajq'ij hushika konzi ya mbegu nyekundu za mti uitwao tz'ite', akazigawa mezani katika vifungu vya nne nne, kisha akahesabu siku kifungu baada ya kifungu huku akizitaja kwa majina, hadi afikie siku ya mwisho. Hapo ndipo huanza kuuliza ni nani aliyegombana na nani nyumbani, na ni ahadi gani haikutimizwa, halafu mbegu hukusanywa na kugawanywa upya. Siku iliyoangukiwa hufungua mazungumzo, nayo nyota za Meneja zimeyafunga. Aidha, ajq'ij huandaliwa kwa miezi mingi na kwa desturi hutawazwa siku ya 8 B'atz', iliyoangukia tarehe 3 Mei 2024 na kurudi tarehe 18 Januari 2025, ilhali Meneja anakiri kwamba yeye alihitimu wakati wa chai. Inashauriwa hundi zitiwe sahihi mbili, sanduku likaguliwe, na kila mfanyakazi aulizwe kazi anayoiweza, kwa kuanza na yule wa mlangoni.

Bwana mmoja wa Mombasa alikopa fedha mwaka 2012 akiamini kwamba Wamaya wametabiri mwisho wa dunia tarehe 21 Desemba, na sasa analalamika kuwa mdai wake hana staha. Ukweli ni kwamba siku hiyo Hesabu Ndefu, yaani hesabu ya siku zote tangu mwaka 3114 KK, ilitimiza b'ak'tun 13, kila b'ak'tun ikiwa na siku 144,000, na kesho yake ikaendelea na siku iliyofuata. Dawa ya deni ni kulipa, na anayetaka kulipa Kimaya asubiri Toj, ambayo ndiyo siku ya malipo.

Mume mmoja wa Morogoro, aliyezaliwa siku ya Tijax, yaani siku ya kisu cha jiwe la obsidiani, anaomba athibitishiwe kwa maandishi, ili amwonyeshe mkewe, kwamba ukali wa ulimi wake umetoka katika kalenda na haurekebishiki.

Wak'iche' huhusisha Tijax na ugomvi, ni kweli, lakini huihusisha pia na tiba, kwa sababu mwenye kisu amepewa dhamana ya kujua pa kukata, na dhamana haijapata kuwa udhuru. Zaidi ya hayo, siku mbili kabla ya kila Tijax huwapo Ajmaq, siku ya kuomba msamaha, na kati yake na Tijax huwapo No'j, siku ya tafakuri. Majina hayo hurudi kila baada ya siku 20, na kwa kuwa mume huyo anasema ndoa yake ina miaka 10, amekwisha kupitisha Ajmaq zisizopungua 180 bila kuzitumia. Maandishi aliyoyaomba ndiyo haya, na mkewe anaruhusiwa kuyakata na kuyabandika jikoni.