Sifa za Kiroba

Wamesifiwa majemadari, yamesifiwa majahazi, hata treni nayo imepata wa kuisifu. Kiroba hajasimama mtu kukitetea, ingawa huku Mtunda, wilayani Kibiti, ndicho mwanaukoo anayesafiri kuliko sote. Nasema kiroba cha sandarusi, kilichokwisha unga wa sembe. Si vile vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Vile vilimlaza baba njiani; hiki humfikia mama mkwe salama.

Kazi zake zina historia. Baada ya mafuriko ya 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya juu, mashamba ya mpunga yakabaki bondeni. Ukoo ukawa na mguu mmoja kwenye dungu na mwingine kijijini, kisha vijana wakaongeza wa tatu Mbagala, Dar es Salaam. Nani angebeba vitu kati ya miguu hiyo yote?

Binadamu akiitwa Dar ana udhuru: nauli, mimba, kesi ya shamba. Kiroba hakina. Kinashonwa mdomo kwa sindano ya gunia, kinaandikwa jina la mama fulani wa Mbagala Rangi Tatu pamoja na namba ya simu ambayo tarakimu ya mwisho haisomeki, kinapakiwa bodaboda mpaka Kibiti, kinasukumwa ndani ya buti la basi. Tumboni kina mchele, embe mbichi, na kambale mkavu ambaye abiria wote watakuwa wamemfahamu kabla ya Mkuranga.

Wabaya wake wapo. Kondakta hukiita kero, na nauli yake haitaji mpaka gari liondoke. Binamu aliyesoma anashauri tutume pesa kwa simu. Haya, tutume, lakini pesa ya simu haimtoi shangazi nyumbani. Kiroba kikifika, sharti mtu akipokee stendi. Akikipokea, sharti apige simu kushukuru. Akipiga, ataulizwa kwa nini hakuonekana kwenye arobaini ya babu. Ugomvi ambao ukoo umeukwepa mwaka mzima unafumuka kwa sababu ya embe, na wiki ifuatayo watu wanatembeleana, angalau kwenda kusutana ana kwa ana.

Juni 2019 mifuko ya plastiki ilifukuzwa nchini. Kiroba chenyewe kikabaki, wala hakikuitwa kujieleza. Mwaka 2024 maji yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, kilipaswa kugeuza safari, kitoke mjini na sembe na nguo.

Mbagala, wifi huupima mchele upya na kuukuta umepungua. Hulaumiwa kondakta, hulaumiwa mizani, hulaumiwa panya. Kiroba hukung'utwa, kikakunjwa, kikajazwa viatu chakavu na sukari, kikamsubiri mgeni anayerudi Mtunda; naye, akishakiona, huondoka alfajiri bila kuaga.