Barua ya Wazi kwa KWS: Kunguru wa Mwabungo Hamkuwataja

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS),
Nairobi.

Mheshimiwa,



Tulisoma tangazo lenu la 2024, kwamba ifikapo tarehe 31 Desemba mwaka huo kunguru milioni moja watakuwa wameangamizwa ili watu wa Mombasa, Malindi, Kilifi na Watamu wapumue. Tukalirudia tukiitafuta Kwale. Diani haimo, Ukunda haimo, Mwabungo ndiyo kabisa. Kunguru nao walisoma vizuri. Kuvuka Likoni kwao hakungoji feri.

Lakini simlaumu kunguru. Kazi aliianza kabla shirika lako halijazaliwa. Miaka ya 1890 Waingereza walimtoa Bara Hindi wakamleta Unguja ale taka za mji. Kufikia 1917 alishakuwa kero, hata ikatangazwa zawadi kwa atakayemuua. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Tangu hapo amejiongezea eneo la kazi bila nyongeza ya mshahara, na hapa kijijini ndiye mzoa taka tunayemwona kila siku, Idi ikiwemo. Alfajiri anapasua mifuko, anachagua utumbo wa samaki, plastiki anatuachia sisi. Ukoko wa ugali haumshindi: anauchovya kwenye maji ya kuku, anasubiri ulainike, anakula. Kisha, madhali yuko pale pale, anaondoka na kifaranga.

Mnana waliokuwa wakisuka viota mnazini, mayai yao yaliliwa mpaka wakahama. Kunguru mwenyewe amejenga mwembeni kwa vipande vya waya za ujenzi. Nyumba yangu ya makuti haina chuma kingi hivyo. Hata Kaya Kinondo, ambako mgeni hafiki ndani bila kufungwa kaniki nyeusi, yeye huja amevaa tayari.

Sasa hii dawa yenu, Starlicide, inayoagizwa New Zealand kwa dola. Nimeelezwa utaratibu wake. Kwanza kunguru hulishwa nyama safi siku kadhaa, bure, mpaka amzoee anayemlisha. Siku ikifika, nyama ile ile hutiwa sumu, naye hafi pale. Hufa saa nyingi baadaye, aghalabu akiwa amesharudi kwenye mti wake wa kulala. Mheshimiwa, utaratibu huo tunaujua. Hutujia kila baada ya miaka mitano, ila sisi hatupewi nyama, twapewa fulana.

Ninachouliza ni hiki: majaa je? Mkiua milioni na jaa likabaki wazi nyuma ya soko, mtakuwa mmewapunguzia waliosalia msongamano mezani. Watakula vizuri zaidi, watataga, na mtaagiza kilo nyingine.

Basi ombi langu ni moja kati ya mawili. Ama Kwale itiwe kwenye orodha, na wenye dhamana ya taka wafunike majaa kabla ya kilo ya kwanza ya sumu kushuka. Ama, fedha zikiwa hazitoshi, kunguru apewe barua ya ajira, sare anayo, na akatwe kodi kama sisi.

Na siku za ile nyama safi, tafadhali tangazeni mapema. Huku wapo watakaotaka kupanga foleni.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mwabungo.

Nakala: Kunguru wote, Likoni hadi Lunga Lunga.