Jicho la Ukoo

Jicho likishaandikiwa upasuaji, si lako tena. Ni la ukoo, ni la kanisa, ni la abiria wa matatu ya Adungosi, na ni la shangazi anayeishi ng'ambo ya mpaka kule Tororo, ambaye hajakuletea salamu tangu enzi za korona. Mimi nilikwenda kliniki kimyakimya, nikamulikwa, nikaambiwa mtoto wa jicho la kulia amekomaa, nikapewa tarehe. Kufika nyumbani Amukura nikakuta habari zimenitangulia, na watu wameketi chini ya mwembe wakitoa ushahidi.

Ulikuwa mwingi. Mama watoto alieleza kwamba tangu Krismasi namimina chai kando ya kikombe, kisha namgombeza aliyekiweka. Jirani yetu akakumbuka nilivyosimama njiani nikamsalimu "Yoga" kwa heshima zote na kumuuliza hali ya watoto, ilhali yeye alikuwa jikoni kwake na niliyemsalimia ni koti lake lililoanikwa uani. Kijana wa bodaboda naye akaapa kwamba usiku, tukipita kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka Malaba, humwamuru asubiri lori lipite kwanza, na lori lenyewe limeegeshwa, dereva yuko chini anakunywa chai. Hakuna aliyewahi kuniambia haya. Walikuwa wameyaweka akiba.

Baada ya ushahidi yakaja matibabu: asali, maziwa ya mama anayenyonyesha, utomvu wa jani ambalo kila mmoja alilijua kwa jina tofauti. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa. Mtoto wa jicho hakai juu ya jicho. Ni lenzi yenyewe, ile iliyo nyuma ya mboni, ambayo imeingia ukungu, na asali haipenyi mpaka huko. Kinachopenya ni vijidudu.

Jioni mjadala ukahamia kwenye chungu cha ajon, pombe yetu. Mzee mmoja, ambaye tunamheshimu kwa kuwa aliwahi kufanya kazi reli, alivuta mrija wake taratibu, akatangaza kwamba hospitalini hulitoa jicho kwa kijiko, huliosha kwenye kisahani, kisha hulirudisha. Hatari, alisema, ni wakilirudisha kinyumenyume, hapo utakaa maisha yako yote ukitazama ubongo wako mwenyewe.

Mwalimu hata akistaafu hawezi kuyaacha maneno kama hayo yapite. Nikawasimulia habari za Harold Ridley, daktari wa macho wa London. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumia marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao, akaona kwamba vipande vile hukaa ndani ya jicho na jicho lisivigombeze. Mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyohiyo mahali pa ile iliyoharibika. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo ndiyo tiba ya dunia nzima, na mwaka 1994 kiwanda cha kutengeneza lenzi hizo kilifunguliwa hapa kwetu Afrika, mjini Asmara.

Mirija ikavutwa kimya. Kisha mzee wa reli akafunga kikao: "Kwa hiyo mwalimu anawekewa dirisha la ndege."

Kufikia asubuhi nilikuwa naitwa Rubani, kuanzia Amukura mpaka stendi ya Busia.

Kupimwa jicho kwa ajili ya lenzi hiyo hakukunichosha. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi toka mbele hadi nyuma, na hapo hapana mchezo: ukikosea milimita moja tu, mgonjwa atatoka na lenzi nzuri na bado atahitaji miwani yenye nguvu ya karibu tatu. Mpimaji alinieleza hayo kwa upole huku ananisihi nisitikisike. Kaka yangu mkubwa, aliyejiteua kunisindikiza, akainama na kumnong'oneza: "Muongezeeni kidogo, asije akaimaliza haraka." Aliichukulia lenzi kama sare ya darasa la kwanza.

Kilichonitia hofu hakikuwa kisu. Ilikuwa ni kulala. Sindano ya ganzi huchomwa pembeni ya jicho, nawe uko macho, umelala chali, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu moja. Mara nyingi kazi yenyewe haimalizi nusu saa, ila kwa muda huo hakuna kukohoa bila kutoa taarifa, hakuna kujikuna, hakuna kugeuza shingo kutazama nani kaingia. Mimi mahubiri yakifika dakika ya kumi huwa nishakohoa mara kadhaa, nyingine za makusudi.

Wajukuu wakaamua nifanye mazoezi. Mkeka ukatandikwa sebuleni. Nikalala, mikono ubavuni, leso ya bibi yao ikafunika uso wangu wote, kwa sababu yeye alikataa katakata itobolewe. Mkubwa wao akashika simu kuhesabu dakika. Wadogo waliahidiwa mandazi wakikaa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe wakakaa kimya, wamenizunguka, vichwa chini.

Hapo ndipo jirani, yule wa koti, alipoingia kuazima ungo.

Kwetu yowe haliulizwi, hupokewa. Alilitoa la kwanza pale mlangoni, likapokewa kwenye boma la pili, likavuka shamba la mihogo, likafika kwa vijana wa bodaboda, nao wakaacha abiria barabarani. Mimi chini ya leso nilisikia yote, nikadhani ni sehemu ya mazoezi. Nilijaribu kunyanyua kichwa, mjukuu akanizuia: "Babu, bado dakika nne."

Nilikaa kitako zilipokwisha. Ningejua ningebaki pale pale chini, kwa maana yowe la pili lilishinda la kwanza, na mzee wa reli, aliyekuwa amefika na kiti chake mwenyewe, alitokea dirishani.

Binamu mmoja alikuwa ameshapiga simu Tororo. Kabla jua halijazama shangazi akawa amevuka Malaba na jogoo wa matanga kwapani. Alipoonyeshwa maiti ikinywa uji alinitazama kwa muda mrefu, akasema jogoo wake amepita mipaka ya serikali mbili, harudi naye. Angekaa mpaka upasuaji, ikiwa kutatokea haja.

Hospitali siitaji jina. Watu wa huku wengine huenda Sabatia kule Vihiga, wengine huvuka kwenda Tororo, wengine hungoja kambi ya macho itangazwe kanisani. Nami nilikwenda nilikokwenda. Muuguzi alianza na uso wangu. Tuliambiwa tuje tumenawa kwa sabuni, bila mafuta yoyote, lakini mama watoto hajawahi kunitoa nyumbani nikiwa nimepauka, hakuona sababu ya kuanza siku nitakayotazamwa kwa karibu namna ile. Nikaoshwa upya. Kisha nikapimwa presha, nayo ilikuwa juu.

"Mzee, kuna jambo limekusumbua?"

"Juzi tulikuwa na msiba."

"Pole sana. Wa nani?"

"Wangu."

Akaniambia nipumzike benchini, angenipima tena baadaye.

Benchini palikuwa na mzee wa rika langu, kapambwa suti, na mkamwana wake ameketi kwa adabu akimshikia mfuko. Muuguzi akapita akiuliza kila mtu dawa anazotumia. "Ya mgongo," mzee akajibu, macho kwenye dari. Muuguzi, kwa sauti iliyofika getini, akatufafanulia sote kwamba wanaume wasifiche dawa za tezi dume, hasa tamsulosini. Dawa hiyo hulegeza misuli ili mkojo upite, lakini hulegeza pia lile duara la rangi linalozunguka mboni, na daktari akiingia hana habari, duara linampepea mkononi. Hata kama uliiacha zamani, sema.

Mzee akatulia. Kisha nikahisi kiwiko. "Mwalimu, niandikie kwa karatasi."

Nilikuwa nimeshatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa matone yale kila kilicho karibu hugeuka maziwa. Nikaandika kwa kupapasa, nyuma ya kadi yake. Muuguzi akaigeuza, akaipeleka dirishani, akajitahidi.

"Ina... dume. Mzee, unasema una dume?"

Benchi zima likageuka. "Ninao wawili," mzee akasema, amejikaza. "Wako malishoni."

Mkamwana akafungua mfuko polepole. "Dada, ni ya tezi dume. Humeza kila jioni. Mimi ndiye humnunulia pale kwa chemisti, Busia." Akamkabidhi pakiti. Mzee akafumba macho yote mawili, ingawa la kupasuliwa lilikuwa moja.

Presha yangu ilishuka palepale.

Kila aliyepita alituuliza yaleyale: jina nani, jicho gani. Karani aliuliza, mtia matone akauliza, na plasta imeshabandikwa juu ya nyusi yangu ya kulia, bado wanauliza. Ni utaratibu mzuri, nausifu; hakuna atakaye kuamka na jicho zima limepasuliwa na bovu limeachwa. Taabu ni kwamba anayeulizwa ni mmoja na wanaojibu ni wengi. Nilikuwa nimevalishwa gauni la kufungia mgongoni na kofia, nimesimama, mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa.

"Jicho gani?"

"La kulia!" benchi likajibu.

"Jina?"

Shangazi wa Tororo aliwawahi wote. "Rubani."

Muuguzi akapekua mafaili, akayarudia. "Hapa sina Rubani," akasema, akamwita mzee wa madume mawili.